Namba Moja Iliyolia Kama Namba Tatu

Juzi kijana mmoja wa hapa Mkolani aliniletea mashine ya kufyonza vumbi. Alinipa shikamoo, akasema ameambiwa kwamba zamani nilikuwa nasuka mota, basi nimwangalizie kwa nini mashine yake haipunguzi mwendo. Nilimwambia nimesuka mota zaidi ya miaka thelathini, na kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya kwenye mashine ya namna hiyohiyo. Akacheka, akidhani natania. Nilipoifungua nikakuta mwendo wake unaongozwa na kidude kisichozidi ukucha wa kidole gumba, nacho kimekufa. Nikamwelekeza duka la kununua kingine, akashukuru, akaenda zake. Mimi nilibaki nimekaa na mikono mapajani hadi chai ikapoa. Ndipo nikaona niwaandikie ninyi mnaojifunza kazi hii, kabla sijaisahau au kabla haijanisahau.

Wakati wetu kidude hicho hakikuwepo. Mota ya mashine ile ilipunguzwa mwendo kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa waya wa kupasha moto: umeme unapitishwa kwanza kwenye waya mgumu, unapotea hapo kama joto, na mota inapata kilichobaki. Waya ule ulikuwa unaungua kila mara, na ndiyo uliotupa kazi nyingi. Njia ya pili ilikuwa ya kudanganya macho tu. Shingoni mwa bomba kulikuwa na tundu lenye pete. Ukifungua tundu, hewa inaingia pembeni na mdomo wa bomba unavuta kidogo. Mwenye nyumba anadhani amepunguza nguvu ya mota, kumbe mota inaendelea kukimbia vilevile.

Njia ya tatu ndiyo iliyonishika mimi. Koili inasukwa kwa waya mrefu wa shaba, na njiani unatoa mikia mitatu inayokwenda kwenye swichi yenye namba moja, mbili na tatu. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa akili ya kawaida inapotea. Ukiupitisha umeme kwenye mizunguko yote ya koili, mota inakwenda polepole. Ukiupitisha kwenye mizunguko michache, inakimbia. Waya mwingi unazuia, waya mchache unaachia. Fundi Petro, aliyenifundisha, alikuwa akisema, "Shaba nyingi ni breki." Nilikuwa naitikia ndiyo kila mara. Kuitikia si kuelewa.

Fundi Petro Masanja alikuwa Msukuma wa Buhongwa, wakati ule kule ni mashamba ya pamba matupu. Umeme aliujulia jeshini, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa na vidole vinene kama mahindi mabichi, na waya mwembamba ulikuwa unamkatikia. Mimi nilikuwa nasuka mikeka nyumbani, upande ambao leo mnauita Mabatini, baada ya mume wangu kwenda kutafuta kazi migodini na kutorudi. Nilipeleka mkeka kwa mke wa Bwana Kanji, aliyekuwa na duka la vitu vya umeme mjini na karakana nyuma yake. Petro akapita, akauona mkeka, akaniuliza ninaweza kuhesabu hadi ngapi bila kukosea huku nikisuka. Nikamwambia hadi pale mkeka unapoisha. Wiki iliyofuata nikawa nasuka shaba.

Watu walisema sana. Wazee wa kwetu walimwuliza mama ni kazi gani hiyo ya mtoto wa kike kukaa na mafundi wanaume. Mama aliwajibu kwamba kusuka ni kusuka.

Mashine za kufyonza vumbi zilikuwa chache, za Wazungu wa kilimani kando ya ziwa na za Wahindi wachache waliokuwa na mazulia. Nakumbuka moja ililetwa na malalamiko kwamba mota imezeeka na haivuti tena. Petro aliivua mfuko, karakana nzima ikatoka nje kwa uvundo. Mwenye mashine alikuwa ameitumia kuvuta wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama wingu na kujaza madirisha, kisha akaifungia chumbani mwezi mzima. Mota haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imeshiba.

Petro alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, chora kabla hujakata. Usitoe waya hata mmoja mahali pake kabla hujauchora kwenye karatasi. Ya pili, jaribu mara mbili. Mara ya kwanza umeme upite kwenye globu iliyotundikwa juu ya meza, kisha ndiyo uingie kwenye mota. Kama umekosea, globu inawaka sana na mota inapona. Mara ya pili bila globu, kwa muda mfupi, ukisikiliza kila namba ya swichi kwa masikio yako. Nilimwuliza mara moja kwa nini mara mbili, kama mara ya kwanza imetosha. Alisema globu inakulinda na pia inakuficha. Umeme ukishapita kwenye globu, mota zote zinakwenda kwa unyonge, namba moja na namba tatu zinafanana.

Mwaka mmoja au miwili kabla ya Uhuru, Petro alifiwa na mama mkwe wake, akaenda msibani. Siku hiyohiyo ikaletwa mashine ya bwana mmoja wa serikali, koili imeungua. Bwana Kanji aliniuliza kama naweza peke yangu. Nilikuwa nimekaa miaka minne nikisubiri swali hilo. Nikasema naweza.

Nilihesabu mizunguko vizuri, nilipaka vanishi, nikaikausha juani. Sikuchora. Koili ya zamani niliikata kwa koleo kwa sababu nilijiona naijua. Ilipofika kuunganisha mikia mitatu kwenye swichi, nilisimama kidogo na kufikiri. Nikajiambia namba tatu ndiyo kubwa, basi ipewe waya mrefu. Namba moja ndogo, ipewe waya mfupi. Nililehemu, nikafunga. Nikaijaribu kwa globu, ikazunguka, nikafurahi. Nilikuwa nanyoosha mkono niitoe globu nijaribu mara ya pili, Bwana Kanji akaita kutoka dukani kwamba dereva wa yule bwana amefika na hana nafasi. Nikaifuta mashine vumbi, nikamkabidhi dereva.

Siku ya tatu yake habari zilitufikia kabla ya saa sita mchana. Nyumba ya yule bwana kilimani imeshika moto. Mtumishi amekamatwa.

Mtumishi huyo aliitwa Silvanus, Mkerewe, mtu mzima aliyepita miaka arobaini, mwenye mke na watoto kisiwani. Kilimani walikuwa wanamwita boi. Kazi aliyopewa asubuhi ile ilikuwa kufyonza vumbi kwenye chandarua cha mtoto, na memsahibu, mke wa yule bwana, alimwagiza aweke namba moja, kwa kuwa chandarua ni chepesi. Mtoto alikuwa amekaa kitandani akichezea kijiko. Silvanus aliweka namba moja. Mashine ikalia kwa nguvu zake zote, ikanyonya chandarua ndani ya bomba.

Hapo ninyi mafundi mnajua kilichofuata. Mashine hizi hujipoza kwa hewa ileile zinayovuta. Ukiziba mdomo wa bomba, mota haichoki, inakimbia zaidi, maana haina tena hewa ya kusukuma, na wakati huohuo haipozwi. Kaboni, vile vipande vinavyogusa mota inapozunguka, zikatoa cheche, cheche zikaingia kwenye mfuko wa vumbi, na chandarua kilikuwa kimening'inia hadi sakafuni. Silvanus alikipasua kikiwaka, kwa mikono mitupu, akamtoa mtoto. Mtoto hakuungua hata unywele. Mikono yake yeye iliungua yote miwili.

Na bado alikamatwa. Memsahibu alikuwa bustanini, na alisikia mashine ikilia mlio wa namba tatu. Mlio huo aliujua. Alipoingia akakuta swichi iko kwenye namba moja. Kwa hiyo bwana wake alisema mambo yako wazi: huyu aliweka tatu, moto ulipowaka akairudisha moja kuficha kosa. Kisha walipopekua chumba chake wakakuta kadi ya chama kilichokuwa kinadai Uhuru. Siku zile, kadi ya chama chumbani mwa mtumishi ilitosha kugeuza uzembe kuwa njama. Wakaanza kusema alitaka kumchoma mtoto.

Askari alileta mashine karakana siku iliyofuata. Polisi walitaka barua ya kuthibitisha kwamba ilitoka kwetu ikiwa nzima, na kesho yake wangekuja kuichukua. Bwana Kanji aliiweka mezani kwangu, akaniambia niikague. Mfuko ulikuwa umeungua, bomba limeyeyuka, lakini mota ilikuwa imepona, kwa kuwa Silvanus alichomoa plagi kabla hajatoka na mtoto.

Nilifungua kifuniko cha swichi, nikaona mikia yangu mitatu. Sikuhitaji hata kufuatilia waya. Nilipoiona namba tatu imeunganishwa na ule mkia wa waya mrefu, sauti ya Petro ilinijia kichwani kana kwamba amesimama nyuma yangu. Shaba nyingi ni breki.

Naomba mnisikilize hapa, kwa sababu sitaki mdhani nilikuwa mtu mwema. Chuma cha kulehemu kilikuwa kinapata moto pembeni. Ilikuwa kazi ya dakika kumi kuhamisha mikia miwili. Hakuna mwingine aliyeijua swichi ile. Nilikishika chuma, nikagusisha ncha yake kwenye risasi ya kulehemu ya namba moja, nikaiona ikianza kung'aa na kulainika. Nilikuwa nafikiri habari za mama, na za wale wazee waliosema. Nilifikiri pia kwamba huenda Silvanus atafungwa miezi michache tu. Niliufikiri upuuzi huo kwa utulivu kabisa.

Kivuli kiliingia mlangoni. Petro alikuwa amerudi kutoka msibani, nguo bado zina vumbi la njia, na habari za moto alikuwa amezisikia njiani. Aliiangalia mashine, akaniangalia mimi, akaangalia chuma mkononi mwangu.

"Umebadili kitu?" aliuliza.

"Bado."

"Basi weka chini."

Nilimweleza yote. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Tulikwenda pamoja kwa Bwana Kanji. Yeye alisikiliza akiwa ameshika kalamu, kisha akafunga mlango wa kuingilia dukani. Hakuwa mtu mbaya. Alisema barua ikisema karakana imekosea, kilimani hakuna atakayemletea hata pasi, na leseni yake iko mikononi mwa watu walewale. Alituuliza kama tunajua ni familia ngapi zinakula kwa karakana hii. Akamwambia Petro arekebishe waya na aweke sahihi, yeye ndiye fundi mkuu.

Petro alikuwa na watoto saba. Lakini alisema hawezi kuweka sahihi kwa kazi iliyofanyika bila yeye kuwepo, na hataigusa ile swichi. Tulipotoka nje nilimwuliza kama kesho atasema. Akasema hapana.

"Mdomo ni wako, Zuhura. Nikisema mimi watadhani ninakutupia wewe kosa langu."

Walikuja watatu asubuhi: mkaguzi wa polisi, bwana wa serikali na memsahibu wake, ambaye macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Barua ilikuwa tayari imepigwa chapa. Bwana Kanji ndiye aliyeweka sahihi mwenyewe. Mkaguzi aliipokea, akaanza kuikunja.

Nilisema, "Tajiri, iwashwe kwanza."

Bwana Kanji aliniambia kwa sauti ya chini nirudi mezani kwangu. Nilirudi, lakini nilipofika niliishika plagi ya mashine. Niliichomeka moja kwa moja ukutani, bila globu. Nikawaomba wakubwa waangalie kidole changu, nikasogeza swichi kwenye namba moja.

Mashine ililia hadi mabati ya karakana yakatetemeka. Majivu yaliyobaki kwenye mfuko yakaruka, yakatua kwenye viatu vya mkaguzi. Nikasogeza namba mbili, ikapungua kidogo. Nikasogeza namba tatu, ikaunguruma taratibu kama paka aliyelala. Nikarudisha namba moja, ikalia tena.

Yule memsahibu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Ndiyo hii. Hii mimi nilisikia." Alikuwa akionyesha swichi, na swichi ilikuwa kwenye namba moja.

Nikaizima. Bwana wake aliuliza ni nani aliyeunganisha. Nikasema ni mimi. Alimgeukia Petro kana kwamba nimemtajia mtu asiyekuwepo, akauliza tena, swali lilelile, akimwangalia yeye. Nikasema tena kwamba ni mimi, nikamfungulia kifuniko, nikamwonyesha ni mkia upi uko wapi na ulipaswa kuwa wapi. Nilieleza hadi mate yakanikauka. Nilikuwa na hakika kwamba pingu zitakazotoka kwa Silvanus zitakuja mikononi mwangu. Mkaguzi aliirudisha ile barua mezani bila kuifungua. Bwana yule alisema maneno machache ya Kiingereza, na Bwana Kanji hakutaka kututafsiria hata siku moja.

Silvanus alitolewa mchana huohuo. Hakuna aliyempa pole. Memsahibu alituma mtu kumwomba arudi kazini, naye hakujibu. Mimi nilifukuzwa kabla ya saa tisa, na sikushangaa. Nilirudi kwenye mikeka. Uhuru ulipokuja, na watu wa kilimani wakaanza kuuza vitu na kuondoka, Petro aliacha kazi kwa Bwana Kanji, akapanga chumba kimoja na kuniita. Hatukuandika mapatano yoyote. Aliweka viti viwili, akaniambia kile cha karibu na dirisha ni changu, na nilikaa juu yake hadi macho yalipogoma. Wengi wenu mnaosoma haya mlifundishwa na watu waliofundishwa na sisi kwenye chumba kile.

Lakini kuna siku moja sijawasimulia, nayo ni ya wiki ileile niliyofukuzwa.

Nilikwenda Kirumba, ambako Silvanus alikuwa amefikia kwa dada yake. Nilikwenda peke yangu, mchana, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Chakula kilikuwa kimewekwa, ugali na sato, na dada yake alikuwa anamlisha tonge kwa tonge kama mtoto. Mkewe, Paskazia, alikuwa amekuja kwa boti kutoka Ukerewe aliposikia habari. Alikuwa ameketi mbali, kwenye kizingiti cha mlango wa ndani, ametugeuzia mgongo.

Nilimwamkia Silvanus, nikamwambia mimi ni nani. Nilimwambia nilichofanya, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Dada mtu aliacha kulisha. Silvanus alinitazama kwa muda mrefu bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Alisema, "Mashine ilipolia, niliinama nikatazama swichi. Nikaona moja. Lakini walivyoniuliza siku ya kwanza, na ya pili, nilianza kuona tatu. Usiku wa kuamkia siku niliyotolewa nilikuwa nimeshaamua kukubali. Nilikuwa naiona kabisa."



Kisha alisema radhi yangu ameisikia, ila si yeye anayehitaji kuambiwa. Akaelekeza kidevu kwa mkewe. Alisema mwanamke huyu alikuja kituoni, na yeye Silvanus akamwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba huenda aliweka namba tatu. Sasa mkewe hajui ameolewa na mtu gani.

Nilijisogeza hadi karibu na kile kizingiti, nikapiga magoti. Nilimweleza Paskazia kuanzia mwanzo: koili, mikia mitatu, globu, dereva aliyekuwa na haraka. Hakujua mota ni nini, kwa hiyo nilichomoa uzi kwenye ncha ya kanga yangu, nikauzungusha kwenye kidole, nikamwonyesha ni mkia upi ulipaswa kwenda namba moja na upi mimi niliupeleka. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Aliuliza swali moja tu, kama mumewe angeweza kwa namna yoyote kujua. Nikamwambia hapana, aliweka moja kama alivyoagizwa, na moja ilikuwa mbovu kwa mkono wangu.

Aliinuka bila kunijibu. Alinawa mikono kwenye beseni, akafika kwenye mkeka, akaichukua sahani kutoka mapajani mwa wifi yake. Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akatoa miba ya samaki kwa vidole, akampelekea mumewe mdomoni. Silvanus alifumba macho akitafuna.

Mimi nilibaki nimepiga magoti pale hadi sahani ikaisha. Hakuna aliyeniambia nikae, na hakuna aliyeniambia niondoke.